Baiskeli Iliyotundikwa

"Baiskeli iliyotundikwa haifiki safari." Mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo asubuhi, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza ni baiskeli gani hiyo na nani aliitundika. Haya, endeleeni kumenya karanga huku mkinisikiliza. Maneno hayo yalizaliwa katika nyumba ya mume na mke, na mambo yao yalikwenda hivi.

Huko kwetu Usukumani, katika kijiji cha Mwagala, palikuwa na mkulima wa pamba aliyeitwa Shilinde, na mkewe Minza. Mwaka mmoja pamba ilikubali sana. Shilinde akaenda mjini, akarudi na baiskeli mpya nyeusi, yenye kengele mbele na keria nyuma. Aliikokota njia nzima, akisema hataki kuichafua. Watu walikuja kuitazama mpaka ua ukajaa. Walipoondoka, akaifunga kamba na kuitundika juu kwenye boriti za nyumba.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Minza. Mdogo wake, Holo, aliolewa mbali, Bukama, mwendo wa siku mbili kwa miguu, na tangu harusi hawakuwa wameonana. Shauku yake kubwa ilikuwa kuingia siku moja katika ua wa Holo.

"Nitakupeleka," Shilinde alimwahidi. "Ngoja mvua ziishe."

Mvua zikaisha, akasema vumbi litaingia kwenye cheni. Vumbi likatulia, akasema wavune kwanza. Kila alipoahidi, Minza alisaga unga wa njiani, na kila mara unga ule waliula nyumbani. Kila Jumapili Shilinde alipanda juu ya kigoda, akaipangusa baiskeli kwa kitambaa, akapiga kengele mara moja, akashuka. Ikapita miaka saba.

Siku moja msafiri kutoka Bukama akapita na habari: Holo, aliyekaa miaka yote hiyo bila mtoto, amejifungua mapacha, na wote wazima! Minza alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Kisha akaingia ndani, akachukua kisu na kupanda juu ya kigoda.

"Unafanya nini, Minza?" Shilinde akauliza.

"Nakata kamba."

"Subiri kidogo. Barabara ya Bukama ina mashimo."

"Tutayapita."

"Mwezi ujao nitakupeleka, kweli kabisa."

Minza akageuka, akamtazama. "Baba, niambie ukweli. Unaogopa nini?"

Shilinde akainama. Akasema kwa sauti ndogo, "Mimi sijui kuendesha."

"Hujui?"

"Sijawahi kujua. Nilipoileta watu walinisifu mno, nikaona haya kujifunza mbele yao. Nikiwaza kuanguka na watu wakinicheka, naona heri ikae pale juu."

Minza alishuka kwenye kigoda, akakaa chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Shilinde naye, aliyekuwa amejiandaa kugombezwa, akajikuta anacheka.

"Mume wangu," Minza akasema akijifuta macho, "kumbe miaka saba nimeusaga unga bure! Basi tutajifunza wote wawili. Watu wacheke. Wakichoka kucheka watatusukuma."

Wakaishusha. Matairi yalikuwa yamelala, wakaazima pampu, wakayajaza upepo. Jioni ile wakaitoa uwanjani. Shilinde akapanda, akaenda hatua tatu, akaingia kwenye kichaka. Minza akapanda, akaangukia majivuni. Watu walicheka hasa! Lakini siku ya tatu wale wale waliocheka walikuwa wanakimbia nyuma ya baiskeli, huyu ameshika keria, yule anapiga kelele, "Tazama mbele! Usitazame miguu!"

Siku ya tisa Minza alizunguka uwanja mzima bila kushikwa. Akapita mbele ya watu akipiga kengele, na hakuijua breki mpaka alipofika kwenye shamba la mihogo. Shilinde, maskini, kila akipanda, baiskeli ilimpeleka kwenye kichaka kile kile.

"Basi," Minza akamwambia, "wewe utakaa nyuma."

"Mwanamume abebwe na mkewe?"

"Wewe ungependa kufika, au ungependa kubaki?"

Shilinde akafikiri kidogo, akaenda kumkamata kuku wa zawadi.

Waliondoka alfajiri. Mbuga ni tambarare, na jua lilikuwa bado juu walipoingia Bukama: Minza mbele anakanyaga, jasho likimtiririka, na Shilinde nyuma kwenye keria, mwekundu kwa vumbi, kuku kwapani. Holo alitoka mbio, akamkumbatia dada yake kabla hajashuka, na wote watatu, pamoja na kuku, wakaanguka chini na baiskeli yao. Hakuna aliyeumia. Dada wale walibaki pale pale mavumbini wakishikana nyuso, wakilia na kucheka, mpaka mapacha wakaletwa, mmoja akawekwa kwenye mapaja ya Minza, mwingine kwenye mikono ya Shilinde.

Baba mkwe wa Holo akaizunguka ile baiskeli, akaigusa kengele. "Chombo kizuri. Mmekinunua lini?"

"Mwaka wa saba huu," Shilinde akajibu.

"Miaka saba! Na siku zote hizo mbona hamkuja kutuona?"

Shilinde akamtazama mkewe, akamtazama mtoto aliyelala mikononi mwake, akatabasamu.

"Mzee wangu," akasema, "baiskeli iliyotundikwa haifiki safari."