Mashine Tatu za Muziki na Kosa la Ubeti wa Pili

Hii nilisimuliwa kwa mdomo, leo nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Isome mpaka mwisho, ndipo umtumie mwenzako.

Upande wa Bukoba palikuwa na mwalimu wa kwaya, Mwalimu Byabato. Kwaya yake ilikuwa inatimiza miaka thelathini. Siku ya sherehe waimbaji waanzilishi wangeitwa mbele ya kanisa, mmoja mmoja kwa jina, wavishwe vitenge.

Jina moja halikuwemo kwenye orodha. La Kokushubila.

Mama huyu alikuwa akiimba sauti ya pili. Kwaya iliporekodi kaseti yake ya kwanza, kwenye ubeti wa pili mtu mmoja aliingia kabla ya wenzake, na kosa likabaki kwenye kaseti. Mwalimu alisema ni Kokushubila, akamwondoa. Tangu hapo mama yule hukaa benchi la nyuma, na haimbi hata wimbo wa kufunga ibada.

Mchungaji mpya alipoiona orodha akauliza kulikoni. Mwalimu akamweleza. Mchungaji akasema kaseti ile ameisikiliza kwenye redio ya kaseti, na anachosikia ni mvumo tu, hajui nani ni nani.

"Nipe uhakika, Mwalimu," akasema. "Kama ni yeye, orodha ibaki. Kama si yeye, tumemwonea miaka yote hii."

Mwalimu hakuwa na wasiwasi. Nakala ya kwanza kabisa ya kaseti ile alikuwa ameitunza. Binti yake Alinda akaipeleka kwa fundi, nyimbo zikahamishiwa kwenye kadi ya kumbukumbu. Ikabaki kupata mashine ya kusikilizia, zile ndogo za mfukoni wanazotumia watu wa muziki wenyewe, si simu. Bei yake ni ya ng'ombe mzima. Watoto wake walikuwa wanadaiwa na baba yao zawadi ya kustaafu, wakaona ndiyo hiyo. Alinda akampeleka Mwanza, kwenye duka la dada mmoja anaitwa Nasra.

Nasra akatoa mashine tatu, akaanza kuwasomea maboksi. Hii betri yake inakaa siku mbili. Hii inabeba nyimbo elfu kadhaa. Hii kava lake halichubuki. Alinda alikuwa ameshaipenda ile yenye rangi ya dhahabu.

Mwalimu akaomba asisomewe. Akaeleza kwamba yeye akipima waimbaji wapya huwapa mgongo, anatazama ukuta, maana ukishamwona mtu umeshampa nusu ya maksi. Wote anawaimbisha ubeti uleule. Na hataki mtu apaze sauti, kwa sababu anayeimba kwa nguvu anadanganya sikio. Basi na mashine zipimwe hivyohivyo.

Alinda akacheka. "Baba, hizi hazina aibu, unazipa mgongo ya nini?"

"Zenyewe hazina aibu. Mimi ndiye nina macho."

Nasra akaipenda hiyo. Akachukua hedifoni moja itumike kwa zote, akapima kwa simu yake mpaka mashine zote tatu zikalia kwa kiwango kimoja cha sauti. Mwalimu akakaa kwenye stuli, uso ukutani.

Ya kwanza ilijaa besi mpaka akaisikia kifuani. Sauti za kina mama zikazama.

Ya pili ilimtoa machozi. Kila kitu kitamu, kila kitu laini, kama kwaya nzima imepakwa mafuta. Hata lile kosa lilipita kwa mbali, likayeyuka. Akaomba irudiwe. Alinda akamnong'oneza Nasra aanze kuifunga.

Ya tatu ilikuwa kavu. Haikupendeza. Alisikia benchi likilia, alisikia mtu akigeuza karatasi. Akasikia sauti ya kwanza mahali pake na ya pili mahali pake. Kokushubila yumo humo, ametulia, anasubiri zamu yake. Ubeti wa pili ukafika. Mtu akaingia mapema.

Mwalimu akainua mkono. "Rudisha hapo."

Nasra akarudisha. Akarudisha tena. Mara ya tano Mwalimu akavua hedifoni, akabaki anatazama ukuta. Alinda akauliza kama mashine ni mbovu.

Mashine ilikuwa nzima. Sauti iliyowahi ilikuwa ya mwanamume. Siku ile ya kurekodi mwimbaji mmoja wa sauti ya tatu, ile ya wanaume, aliumwa, na Mwalimu akawa anaongoza huku anaziba nafasi yake. Sauti ya tatu na ya pili ni majirani, kwenye redio ya kaseti huwezi kuzitenganisha. Humu zilitengana. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Nasra hakujua lolote. Akasema wateja wengi wanachukua ya pili, kwa sababu inapendezesha kila wimbo. Ya tatu wengine huirudisha, wanasema inawaharibia nyimbo wanazozipenda.

Mwalimu akapiga hesabu moyoni. Akiichukua ya pili, mchungaji atasikia utamu mtupu. Atasema haijulikani, na orodha itabaki ilivyo. Hakuna atakayemuuliza kitu.

"Nifungie ya tatu," akasema.

"Lakini Baba, ile ya pili umelia kabisa."

"Ndiyo maana siitaki."

Waliporudi hakupita kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Kokushubila, akamkuta anamenya ndizi. Akamwomba afute mikono, akamvisha hedifoni yeye mwenyewe.

"Mama, sikiliza ubeti wa pili. Aliyeingia mapema ni mimi."

Mama akasikiliza mpaka wimbo ukaisha. Midomo yake ilikuwa inafuata sauti ya pili, polepole, neno kwa neno. Kisha akavua hedifoni.

"Najua, Mwalimu. Nilisimama mbele yako, nilikuwa nakutazama mdomoni."

Mwalimu akamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilisema siku ileile. Ukanijibu mwalimu hakosei."

Siku ya sherehe jina la Kokushubila lilisomwa la kwanza. Aliyelisoma ni Mwalimu Byabato, baada ya kuliambia kanisa zima kosa lile lilikuwa la nani.

Funzo: Ukichagua cha kukusikilizisha, kiwe mashine au rafiki, usichukue kile kinachokupendezeshea kila kitu, chukua kile kitakachokufanya usikie hata sauti yako inapokosea.