Rangi ya Bawa

Sogeeni, nina kesi ambayo bado haijapata hakimu.

Pale Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, walikuwako watu watatu wenye mikono ya pekee. Otmari aliunga plastiki: beseni lililopasuka vipande sita lilitoka kwake likishika maji. Skolastika alifua vitambaa vya altare vya misheni, na hakuna doa lililomshinda wala uzi uliokatika mikononi mwake. Gaudensi aliandika mabango ya maduka. Ukimpa jani bichi atakuchanganyia rangi yake, usijue lipi jani na ipi rangi.

Na alikuwako Eufrasia, aliyekuwa akimngoja mume mwaka wa tisa.

Mumewe, Ditrami, aliondoka asubuhi moja kupeleka magunia ya usipa, dagaa wa ziwa hilo, Mbamba Bay kwa boti ya injini. Hakufika, hakurudi. Wako waliosema amezama. Wengine wakasema ameonekana ng'ambo, Malawi, na mke mwingine. Eufrasia akachagua kuamini hawa wa pili. Alimchukia Ditrami kila siku, na chuki hiyo ndiyo iliyomwinua kitandani akalima na kupika. Matanga alikataa kuweka. Uani kwake palikuwa na boti nyingine ambayo Ditrami aliiacha bila kuimaliza. Hakuiuza, na kuku akipanda humo alimfukuza.

Masika ya mwaka huo mto ulifurika ukachimbua ufuko, na kwenye mchanga likatokea kava la injini. Lilikuwa la zile injini za zamani zilizogawiwa na chama cha wavuvi, zenye nembo ya plastiki ubavuni, ndege aliyekunjua bawa. Kila mwenye injini alipaka bawa hilo rangi yake ili zisichanganywe. Injini mbili tu hazikujulikana zilipo: ya mvuvi Kaspari, bawa jekundu, iliyoibwa, na ya Ditrami, bawa la samawati, aliyoondoka nayo. Lakini nembo hii ilikuwa imeliwa na jua na mchanga, nyeupe kama mfupa, imejaa nyufa.

Eufrasia alijitwika kava mpaka kwa Otmari.

"Fundi, nataka kujua bawa hili lilikuwa la rangi gani."

"Na ukishajua, dada?"

"Boti iliyoko uani ni ya atakayenijulisha. Likiwa jekundu, Ditrami yuko kwa huyo mkewe na hastahili kitu. Likiwa la samawati, hahitaji kitu."

Otmari alipoigusa nembo ilimegeka. Akaokota vipande kumi na saba, vingine vidogo kama kucha, akayeyusha plastiki ya dumu kuukuu na kuviunga kimoja kimoja kwa ncha ya msumari wa moto. Siku ya tano ndege alikuwa mzima tena. Ila hakuwa na rangi.

Skolastika akaipokea. Tope lilikuwa limegandamana kama saruji, na plastiki haikustahimili kusuguliwa. Akalilainisha kwa maji ya ndimu, akalitoa kwa pamba na mwiba. Kwenye shina la bawa akakuta chembe ya rangi, ndogo kuliko punje ya ulezi. Ilikuwa imepauka; hakuweza kusema ni rangi gani.

Gaudensi akaidondoshea mafuta, chembe ikakolea. Akachanganya rangi, akalinganisha, akamwaga, akachanganya tena. Siku ya tatu akapaka bawa zima, akamwita Eufrasia.

Lilikuwa la samawati.

Eufrasia alilitazama muda mrefu. "Kumbe nilikuwa namtukana marehemu," akasema, kisha akakaa chini pale pale penye makopo ya rangi.

Matanga yakawekwa, yakaondolewa. Eufrasia hakulima tena. Majirani walimletea uji, wakaukuta jioni umeganda. Siku moja aliwaita wale watatu uani.

"Niliahidi. Mmoja wenu aichukue, sitaki kuiona."

"Bila mimi nembo ingebaki unga," akasema Otmari. "Lakini nilipoona umbo lake niliogopa jibu lake, nikatamani kuitia motoni. Nilikuonea huruma, nikaendelea hivyo hivyo."

"Ile chembe niliiona mimi," akasema Skolastika. "Kidole kilikuwa juu yake. Ningeifuta, nani angejua?"

Gaudensi hakuinua uso. "Mimi nilijua tangu tone la kwanza la mafuta. Siku mbili nzima nilikuwa nachanganya nyekundu."

Eufrasia akamgeukia. "Kwa nini hukuipaka?"

"Uliniomba rangi yake, dada. Hukuniomba nyingine."

"Ningekuwa bado namchukia," akasema Eufrasia. "Nilikuwa naishi vizuri nikimchukia."

Akaingia ndani, akafunga mlango, na watatu hao wakabaki wamesimama kuizunguka boti, kila mmoja akingoja mwenzake aishike. Hakuna aliyeishika. Mvua zimeshaingia humo misimu miwili, na mbao zinaoza.

Ahadi ilitolewa, na kazi ilifanyika. Mwenye kuunga, mwenye kusafisha, mwenye kupaka: ukimtoa mmoja, Eufrasia asingejua. Basi semeni ninyi, boti hii ni ya nani? Au yuko kati yao aliyepaswa kuuzuia mkono wake, na kama yuko, ni yupi?