Kwa Nini Bampa Hutangulia Kuumia

Usilipige teke hilo bampa, Kaduma! Liache hapohapo chini. Umekuja gerejini kwangu kulitukana, eti ni jepesi, eti limevunjika vipande ulipogonga, eti nikuchomelee chuma cha reli. Keti kwenye tairi hilo unisikilize, maana umeniudhi kwelikweli.

Zamani, kabla barabara ya Makambako haijaijua lami, bampa lilikuwa halibonyei. Lilikuwa chuma kitupu, na aliyelifua ni fundi mmoja aitwaye Chengula. Watu wa enzi hizo walikuwa na desturi ya kijinga: gari likigonga, walikimbilia bampa kwanza. Wakilikuta zima, walipiga vigelegele na kumbeba fundi mabegani. Chengula alibebwa mara nyingi mno, kichwa kikamvimba.

Mkewe, Sekela, alikuwa akipeleka maziwa mjini kwa gari. Chengula akamfungia bampa nene kuliko yote.

"Sasa hata ukigonga mlima, mke wangu, mlima ndio utakaolia," alimwambia. Sekela akacheka, akaondoka na maziwa yake.

Asubuhi hiyohiyo breki zikakatika mteremkoni, gari likavaa mwamba. Watu wakaja mbio, Chengula akiwa miongoni mwao. Bampa halikuwa na hata mkwaruzo! Wakamwinua Chengula, wakalizunguka gari naye mara mbili wakishangilia, wapumbavu wale, na hakuna aliyefungua mlango. Ni Chengula mwenyewe, kutoka huko juu mabegani, aliyeona maziwa yakichuruzika chini ya mlango. Sekela alikuwa ameulalia usukani, na hakuamka tena. Pigo lote ambalo bampa lilikataa kulipokea, alilipokea yeye.

Baada ya mazishi Chengula alichukua nyundo, akalitandika lile bampa mchana kutwa huku akilifokea, "Kwa nini hukuumia wewe? Kwa nini hukuumia wewe?" Chuma kikabonyea, kikakunjamana, na mwishowe bampa likasema, "Basi, fundi. Nitatangulia mimi."

Na tangu siku hiyo bampa huvunjika kwanza, na sisi mafundi wa hapa hatugusi gari lililogongwa kabla ya kuuliza hali ya watu wake. Wewe sikukuuliza, Kaduma, kwa sababu nawaona. Wanao watatu wako pale kiti cha nyuma, wanagombania hindi la kuchoma. Na wewe unanililia bampa! Hebu inama uviokote vipande hivyo, tena kwa adabu.