Mkeka wa Bi Mwanamvua

Nikiita "Zama!", nanyi itikieni "Za nani?" Zama! Za waliotutangulia, wajukuu zangu. Kaeni basi, na wewe uliye mlangoni, acha kusukuma wenzako.

Kale hizo, katika mji wa Mkinduni, alikuwako msukaji wa mikeka, Bi Mwanamvua. Alisuka mkeka wenye nakshi ambayo hakuna mwingine aliyeijua. Jumbe Mwinchande, mkubwa wa mji, akauona, akasema, "Hii ni hazina yetu sote." Akautia sandukuni, akafunga kufuli.

Kila siku ya mwaka mpya sanduku likafunguliwa, ngoma ikapigwa, watu wakasema "Lo!", sanduku likafungwa. Mwaka wa pili vivyo hivyo. Mwaka wa saba ngoma zilikuwa tatu, na "Lo!" ilikuwa ndefu kweli kweli. Wa kusuka? Hakuna!

Mnajua kwao ufundi ulifunzwaje? Si kwa maneno. Mwanafunzi alipewa mkeka bora wa mwalimu wake, akaufumua wote, kisha akausuka upya kwa miyaa ile ile, majani yale yale ya mkindu. Sasa macho ya Bi Mwanamvua yalikuwa yameingia ukungu. Mkeka mwingine kama ule asingeuweza tena. Akamshika mkono Tumu, binti wa kaka yake, wakaenda kwa Jumbe.

"Jumbe, nipe mkeka nimfunze mtoto."

"Aufumue? Urithi wa mji? Bibi, una homa?"

"Homa sina. Nina miaka sabini na kitu."

"Mwelezee tu kwa mdomo."

"Kwa mdomo! Wewe ulijifunza kuogelea kwa mdomo?"

Jumbe akakataa. Bi Mwanamvua akarudi nyumbani akivuta pumzi kama aliyebeba gunia.

Ikafika siku ya mwaka. Sanduku likafunguliwa, ngoma zikapigwa, watu wakasema "Lo!" Kabla halijafungwa, bibi akapenyeza mkono, akautoa mkeka, akaunyunyizia maji ulainike, akakata uzi wa pembeni. Rrrr!

"Anaharibu!" akapiga kelele Jumbe. "Mzuieni!"

"Nani aliusuka?"

"Wewe."

"Nikifa, atausuka nani?"

Jumbe akawatazama watu. Watu wakatazama vidole vya miguu yao.

"Miaka saba mnasema lo, lo, lo! Hata mmoja hakuniuliza mkeka unaanzia wapi. Jumbe, usisimame kama mlingoti. Shika ncha hii. Tumu, mwanangu, vuta."

Jumbe akashika. Angefanya nini? Tumu akafumua mpaka jua likapinda, miyaa ikalala chini rundo zima, na wazee wengine wakalia hadharani.

Miezi minne ikapita. Tumu akaleta mkeka wake, umepinda kama njia ya ng'ombe. Bibi akaupapasa polepole, kutoka pembe hadi pembe. Kidole kikasimama.

"Hapa umekosea."

"Naona, shangazi."

"Mimi sioni, na nimejua," akasema Bi Mwanamvua, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba akacheka. "Fumua."

Basi, wajukuu, kazi ya mikono haihifadhiwi kwa kufuli. Huhifadhiwa na mikono mingine. Kisa nimekikunja, atakayekitaka akikunjue mwenyewe.