Kwa Nini Mpachika Kulabu Huulalia Uzi

Sogeeni karibu. Na yule anayeamini kwamba kila mtu amezaliwa na kazi yake moja na afe nayo, huyo asogee zaidi, maana habari hii ni yake.

Zamani hizo hakuna aliyekuwa na kioo cha kukuzia vitu vidogo. Tumboni mwa ng'ombe mmoja mwekundu mlikuwa na kijidudu kidogo kuliko chembe ya vumbi, na ndani ya kijidudu hicho mlikuwa na mji mzima, una moto wake, ukuta wake na jumbe wake.

Ukuta wa mji ulijengwa kwa mafuta, na mafuta hayakupikika bila hewa iliyoletwa na wapagazi. Lakini mpagazi wa mji huo alizaliwa hana mkono wa kubebea. Ilimbidi kwanza aende kwa Sikuzani, mpachika kulabu, amwegemee begani, naye Sikuzani ampachike kulabu. Kulabu hiyo ndiyo watu wa leo wanayoiita vitamini. Sikuzani alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, na hakuwahi kumrudisha mpagazi hivi hivi.

Kulabu zenyewe zilifuliwa kwa maneno yaliyoandikwa kwenye Uzi, ule uzi mrefu uliohifadhi maarifa yote ya mji. Msomaji mmoja, jina lake Kombo, alisimama mwanzo wa sura ya kulabu, akasoma mpaka mwisho, akarudi akaanza upya. Alivyosoma ndivyo wafuaji walivyofua. Hakuna aliyemwambia aache, kwa kuwa Jumbe Shomari alipenda kuona vitu vimejaa. Kila alipopita penye rundo la kulabu alijipapasa tumbo kama mtu aliyetoka kula pilau ya harusi.

Sasa, kufua kulabu hata moja kunakula moto mwingi. Rundo likapanda, moto ukashuka. Wapika mafuta wakakaa mbele ya majiko yaliyopoa, na ukuta ukawa mwembamba hata maji ya nje yakaonekana yakipita. Wapagazi wapya wakaacha kuzaliwa. Sikuzani akabaki ameshika kulabu, bega tayari, na haji mtu. Akaogopa. Alijua kwamba ukuta ukipasuka hatasalia yeyote, si yeye, si mdogo wake Chausiku, mpachikaji mwenzake aliyefanana naye kwa kila kitu.

Akaenda barazani.

"Shikamoo, Jumbe. Kulabu zimetosha. Mwambie Kombo apumzike, moto uende ukutani."

"Marahaba. Kazi yako wewe ni nini?"

"Kupachika."

"Basi kapachike. Mambo ya Uzi yana wenyewe."

"Nimpachike nani, Jumbe? Nijipachike mwenyewe?"

Watu wa baraza wakacheka chini chini. Jumbe hakucheka. Sikuzani akatoka bila kuaga. Mtu huyu hajawahi kushika kulabu hata moja, alijisemea, halafu ndiye wa kunionyesha kazi yangu inaishia wapi!

Akaenda moja kwa moja kwenye Uzi, akajilaza juu ya mwanzo wa sura ya kulabu. Akateleza, akaanguka chali, na Kombo akamruka akaendelea kusoma. Akamwita Chausiku. Wakajilaza wawili, wakaanguka wawili.

"Dada," Chausiku akasema huku akijipangusa, "mimi nikishika kulabu mwili wangu hukaza. Hebu tushike kwanza."

Kila mmoja akachukua yake. Miili ikakaza kweli. Kisha bega lile lile walilozoea kuegemewa na wapagazi, wakaegemeana nalo wao kwa wao, wakaulalia Uzi wakiwa wameshikamana. Safari hii hawakuteleza.

Kombo akarudi kuanza upya, akakuta njia imezibwa. "Pisheni jamani, nina kazi."

"Na sisi tuko kazini. Kasome kwingine."

Jumbe akaja mbio na wakataji, watu ambao kazi yao ilikuwa kumkatakata yeyote asiyehitajika tena mjini. Walikuwa na meno, na hawakuwa na mazungumzo.

"Inuka, Sikuzani, au leo unakuwa vipande."

Sikuzani alitetemeka. Chausiku aliusikia mtetemeko ule begani kwake, akazidi kumbana. Sikuzani hakuinuka.

"Kata, Jumbe. Kata sasa hivi. Na mpagazi akija, utampachika wewe?"

Wakataji wakamgeukia Jumbe. Jumbe akaitazama mikono yake, laini, haina hata sugu moja. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Basi chagua, mwanangu. Uwe mpachikaji, au uwe mlinzi wa Uzi. Mtu hawezi kuwa vyote viwili."

"Sichagui."

Sikuzani na Chausiku wakalala pale pale. Kwa kuwa hapakusomwa, hapakufuliwa, na moto ukaanza kurudi ukutani kidogo kidogo. Majiko yakapata joto, mafuta yakapikwa, ukuta ukanenepa mpaka maji ya nje hayakuonekana tena. Ndipo akazaliwa mpagazi, wa kwanza baada ya muda mrefu, akaja anayumba na bega lake wazi. Sikuzani alipomwona akamwachilia mdogo wake hapo hapo, kwani bega alikuwa nalo moja tu. Akateremka, akampokea mpagazi, akampachika kulabu ile ile aliyokuwa ameishika. Chausiku peke yake akateleza, Uzi ukabaki wazi na Kombo akaanza kusoma. Jumbe alifungua kinywa atoe amri, akakuta hakuna la kuamuru.

Na tangu siku hiyo, katika mji ule na katika miji mingi ya jamaa zake, mpachika kulabu ndiye huyo huyo anayeufunga na kuufungua Uzi. Wapagazi wakija, hupachika. Wasipokuja, humshika mwenzake bega kwa bega na kuulalia. Wenye vioo vya kukuzia wamemwona, na wanashangaa kwamba kitu kidogo namna ile kina kazi mbili. Majumbe nao hawakuisha duniani, na bado wapo wanaomwendea kumtaka ashike moja aache nyingine. Huwajibu bila kuinua kichwa, kulabu mkononi: "Sichagui."