Kiboko Alivyomsajili Kobe

Hadithi iko mlangoni.
— Ifungulie!
Ina miguu ya tope.
— Iingie hivyohivyo!
Ikiingia itasema watu.
— Ndiyo tunayoitaka!

Haya, sogeeni karibu, nisipasuke koo.

Hapo kale wanyama walikuwa wakicheza rede. Msinitazame hivyo. Ni rede hiihii ya watoto wa kike, ila wao waliicheza wakiwa watu wazima na ndevu zao. Mmoja anakaa katikati na kibuyu kitupu, anakijaza mchanga. Wawili wa timu nyingine wanasimama huku na huku, wanamrushia mpira wa majani ya mgomba. Mpira ukimgonga, anatoka, anaingia mwenzake. Asipogongwa, haruhusiwi kutoka. Timu iliyojaza vibuyu vingi ndiyo iliyoshinda.

Timu zilikuwa mbili, Mtoni na Kilimani. Na hawakuwa wakicheza kwa kujifurahisha tu, walikuwa wakigombea maji. Aliyeshinda alikunywa maji ya mto upande wa juu, msimu mzima. Aliyeshindwa alikunywa upande wa chini, na upande wa chini ndiko yalikoshukia maji aliyokwisha kuyaoga Kiboko. Ameoga, na amefanya mambo mengine ambayo sitayataja kwa sababu mmetoka kula sasa hivi.

Tajiri wa Mtoni alikuwa huyo Kiboko. Msimu mmoja alikuwa amewachukua Swala na Ngedere kutoka Kilimani, akawalipa majani laini na tini za ukingoni. Mnadhani aliwachezesha? Aliwakalisha tu pale kando ya maji, wananenepa.

Pimbi wa Kilimani, yule mdogo wa mawe ya juu, akamwuliza, "Bwana Kiboko, umewasajili wa nini kama hawachezi?"

Kiboko akasema, "Ili wasicheze kwenu."

Kilimani wakashindwa, wakanywa maji ya chini. Watoto wa Pimbi wakaumwa matumbo mpaka mama yao akawa hapati nafasi ya kukaa. Nao ukoo wa pimbi wanapenda kukaa, mnajua, wakae juani wasengenye.

Msimu ukaisha. Masika yakaingia, uwanja ukawa tope, ikawa kazi ya wanyama ni moja tu, kubishana juu ya usajili. Nani aje, nani aondoke, nani hafai hata kwa bure. Walibishana wakichota maji, walibishana wakichimba mizizi. Nungunungu alinuniana na mkewe kwa sababu ya mchezaji ambaye wote wawili hawajawahi kumwona akicheza.

Sasa nikwambieni siri ya Kiboko. Kiboko hakujua rede. Alikuwa nayo mali, macho ya mchezo hakuwa nayo. Alichokuwa akifanya ni hiki: mashabiki wakija mtoni, yeye anazama. Chubwi! Masikio nje, pua nje, tumbo chini. Anasikiliza. Yule anayesifiwa, kesho yake anamsajili. Neno ukimwambia usoni haliamini. Neno akilidokoa kwa siri, hilo kwake ni kweli tupu.

Na Pimbi alikuwa amekwisha kuyaona yale masikio.

Siku moja akashuka mtoni na shoga yake Kanga. Chubwi! Masikio nje, pua nje, tumbo chini. Pimbi akamkonyeza Kanga, akasema kwa sauti ya kunong'ona inayosikika mpaka ng'ambo:

"Shoga, umeyasikia ya Kobe?"

Kanga hakuwa amesikia chochote. Lakini Kanga tangu azaliwe hajawahi kukubali kwamba kuna neno lililompita. Akasema, "Nimeyasikia, ila nataka niyasikie na kwako."

"Kobe hagongwi."

"Mwaya, usiniambie."

"Nakwambia. Mpira ukimpiga, unapiga nyumba. Mwenyewe yumo ndani, hana habari."

Kanga akalichukua, akaliongeza chumvi palepale. "Ndiyo maana mama yake alikuwa akimficha. Kipaji kile kingerogwa."

Nungunungu alikuwa jirani anakunywa maji, akaingilia. "Kobe yupi? Huyu ninayemjua mimi? Akitoka kwake leo kwenda msibani, anafika watu wanamaliza arobaini."

Pimbi akamgeukia. "Wewe kaka unataka mbio. Haya, nitajie mwenye mbio mmoja tu ambaye hajagongwa."

Nungunungu akafikiri. Akakuna mwiba.

"Unaona? Swala ana mbio, amegongwa. Ngedere ana mbio, amegongwa. Kobe hana mbio. Nani amemwona amegongwa?"

"Hajawahi kucheza," akasema Nungunungu.

"Basi hajawahi kugongwa."

Hapo hata mimi ningenyamaza.

Kanga akauliza, "Sasa mnangoja nini, si mmsajili, naye ni mtu wa kwenu Kilimani?"

"Bei, shoga. Anataka alishwe mwaka mzima, acheze asicheze. Sisi watu wa mawe tutatoa wapi?"

Majini pakatoka mapovu. Bwabwabwa.

Kesho yake Kiboko akamfuata Kobe. Kwata, kwata, kwata, miti inainama. Akamkuta anatafuna jani lilelile la juzi.

"Mzee Kobe, nataka uchezee Mtoni."

Kobe alikuwa mtu mkweli. Akasema, "Mimi bwana ni mzito."

Kiboko akacheka moyoni. Huyu anajua biashara. "Nitakupa ukingo mzima wa mto."

"Mimi bwana sina mbio."

"Ukingo mzima na majani ya kisiwani."

"Mimi bwana nikishtuka huwa ninaingia ndani, nikiingia ndani huwa ninalala."

"Mzee, unanikaba. Haya, ukingo, kisiwa, na ulale unavyotaka."

Kobe akaona kila akisema ukweli analipwa, akanyamaza ili asije akala mpaka akavimbiwa. Akasema tu, "Kamwone Pimbi, ndiye anayetusemea watu wa Kilimani."

Kiboko akapanda mlimani, kwata, kwata, kwata. Pimbi akamwona akija. Akajilaza juu ya jiwe kama mtu aliyekata tamaa ya dunia.

"Hatumwuzi," akasema kabla hajaulizwa. "Kobe ni wetu. Mwaka huu tumwachie Kobe achezee nyinyi, halafu sisi tucheze na nani? Na Kanga?"

"Sema unachotaka, kijipande we."

"Sitaki kitu."

"Kila mtu anataka kitu."

Pimbi akajifuta jicho ambalo halikuwa na chozi. "Basi turudishie hata yale mabaki yako. Swala na Ngedere. Tupate wa kusimama uwanjani tusiaibike."

Kiboko akamtazama, akacheka mpaka kichuguu kikabomoka. Wale waliogongwa! Akawatoa siku hiyohiyo mbele ya Korongo, mwamuzi, ili neno lisije likageuzwa. Jioni mtoni pote ilikuwa gumzo moja. Kobe kwa wawili, na ukingo, na kisiwa. Wengine wakasema ni ghali, wengine wakasema ni bure. Nungunungu na mkewe wakaacha kununiana, wakaanza upya kwa jambo hili.

Kiangazi kikafika. Uwanja ukakauka. Wanyama wakajaa pande zote, wengine juu ya wenzao.

Kabla ya kuanza, Kiboko akasimama mbele ya Korongo, kifua mbele. "Mwamuzi, nataka jambo moja liamuliwe watu wasikie. Mpira ukigonga gamba, umegonga mtu au umegonga nyumba?"

Korongo akasimama mguu mmoja, akafikiri, akabadilisha mguu. "Pimbi, nyinyi mnasemaje?"

"Sisi wadogo tuseme nini? Tajiri anataka iwe nyumba, iwe nyumba."

"Ni nyumba," akasema Korongo. Mtoni wakapiga vigelegele.

Asubuhi mpaka adhuhuri zamu ya Kilimani, mchana mpaka jua kuzama zamu ya Mtoni. Akaingia Swala. Alikuwa amenenepa kidogo kwa tini na majani ya watu, lakini miguu ilikuwa ileile. Mpira huo, vuu! Yeye huku. Mpira huo, vuu! Yeye kule. Mchanga shwa, shwa, shwa. Kibuyu kikajaa. Wakamgonga, akaingia Ngedere, shwa, shwa, shwa, cha pili kikajaa. Jua likafika utosini.

Zamu ya Mtoni. Akaingia Kobe, na wakati wa kuingia tu ulitosha mtu kupika maharage.

Akafika katikati. Akachota mchanga, chembe chache. Pimbi akarusha mpira. Po!

"Nyumba," akasema Korongo. Mtoni wakashangilia.

Kobe akashtuka. Akavuta kichwa, akavuta miguu, akavuta mkia. Akaingia ndani.

Wakangoja. Kisha ndani pakatoka sauti. Khoroo. Khoroo.

Kiboko akasogea mstarini. "Mzee Kobe. Toka ujaze."

Kutoka ndani, "Mchezo umekwisha?"

"Bado."

"Sasa nitoke nije nigongwe?" Khoroo.

Kiboko akamgeukia mwamuzi. "Mtoe huyu. Aingie mwingine."

"Amegongwa?"

"Hajagongwa."

"Basi anabaki."

Jua likaanza kushuka. Kibuyu kilikuwa na mchanga wa kutosha kumkera siafu mmoja. Kiboko akatoka jasho, akamfuata Pimbi kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuwa nayo maishani.

"Dada Pimbi. Hebu mgongeni."

"Bwana Kiboko, tunamrushia tangu mchana."

"Mgongeni kichwani."

"Tuonyeshe kichwa kilipo."

Akarusha. Po! "Nyumba," akasema Korongo. Akarusha Ngedere. Po! "Nyumba." Kiboko mwenyewe akapiga magoti, tajiri mzima, akabembeleza, "Mwamuzi, sema mara moja tu kwamba ni mtu." Korongo akabadilisha mguu. "Uliniuliza mbele za watu, nami nikajibu mbele za watu."

Jua likazama. Mtoni hawakuwa na kibuyu hata kimoja.

Tangu siku hiyo Kilimani wakanywa upande wa juu. Watoto wa Pimbi wakapona matumbo, mama yao akarudi kukaa juani. Kiboko akanywa upande wa chini, maji waliyokwisha kuoga kina Swala na kina Ngedere na kina Kanga na vifaranga vyao. Na alipokunywa aliinua macho, akamwona Kobe kule kisiwani, anakula majani aliyoahidiwa, taratibu, ya mwaka mzima.

Wajukuu, fundisho la hadithi hii ni kwamba umbea ni mbaya. Mtu akae na shoga yake mtoni akisema ya watu, hatapata faida yoyote, hata maji safi ya kunywa.

Nimesema, nimemaliza.
— Umesema nani amekwambia?
Hilo siulizwi. Nyanyukeni mkalale.