Mtungi wa Ngasa

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri, maana hadithi hii hunichosha hata kabla sijaianza.

Hapo zamani za kale, kijiji kimoja kilikuwa na bibi aliyeitwa Nyamizi. Watu wakigombana, huenda kwa Bibi Nyamizi. Mume na mke, kwa Bibi Nyamizi. Mbuzi kala mtama wa jirani, kwa Bibi Nyamizi. Naye husikiliza, huguna, huamua, kisha huwafukuza wakafanye kazi.

Siku moja ya gulio, tajiri mmoja wa ng'ombe, jina lake Ngasa, alikuwa akipita mbele ya mchuuzi Mlekwa. Akasimama ghafla. Chini pale palikuwa na mtungi ambao Mlekwa alinyweshea mbwa wake maji. Mtungi mbaya jamani! Mdomo umepinda. Ubavu una ufa uliozibwa kwa ulimbo. Mweusi kwa moshi. Ngasa akauinua, akamwaga maji ya mbwa, akaugeuzageuza, kisha akauliza bei.

Mlekwa alidhani anataniwa, naye akatania. Akasema, mtamba wa ng'ombe.

Ngasa hakucheka. Alikwenda nyumbani, akarudi anavuta mtamba. Mbuu! Akamkabidhi Mlekwa, akaubeba mtungi kifuani kama mtoto mchanga, akaenda zake bila neno.

Basi kijiji hakikulala. Watu wakaambiana kwamba Ngasa ni tajiri, na tajiri hatoi mtamba bure. Lazima mitungi mibovu ina kitu. Wengine wakasema inaleta mvua, wengine wakasema inazidisha mifugo. Kila mtu akautaka wa kwake, uliopinda, wenye ufa, mweusi. Wafinyanzi wakaja gulioni na mitungi mizuri, wakarudi nayo kichwani vilevile.

Mlekwa akazunguka vijiji vya mbali kuokota vyombo vibovu. Vibovu vikamwishia. Akanunua vipya, akavigonga kwa jiwe, ko! ko! ko! Akavifukiza kwa moshi wa samadi, fuu! fuu! Akaviuza kwa mbuzi, kwa kondoo, kwa magunia ya mtama. Na wanawake wakarudi kutoka kisimani na mitungi hiyo, maji yanavuja njia nzima, cho, cho, cho, wakifika nyumbani wamelowa na mtungi ni mtupu.

Bibi Nyamizi aliwaambia. Aliwaambia asubuhi, aliwaambia jioni, aliwaambia mpaka sauti ikakauka. Mtungi ni wa maji, aliwaambia, na usiotunza maji si mtungi. Wakamjibu kwa adabu kwamba yeye amezeeka, mambo ya siku hizi hayajui. Akaguna, akarudi kukoboa mtama wake.

Sasa bibi huyo alikuwa na mjukuu, Kasanda, aliyekuwa na mke, Nshoma, na mtoto mchanga. Nshoma aliugua baada ya kujifungua, maziwa yakamkatika, na mtoto akawa anaishi kwa maziwa ya ng'ombe wao mmoja. Siku moja Nshoma alifika kwa Bibi Nyamizi na mtoto mgongoni, mtoto analia mpaka analia bila sauti. Akasema wiki imepita tangu Kasanda ampe Mlekwa ng'ombe huyo, akarudi na mtungi wenye tundu, na tangu hapo mtoto hunywa maji ya uji tu.

Bibi Nyamizi aliacha mchi kinuni. Akamkuta Kasanda ameketi, anaupangusa mtungi.

"Huo una nini?" akamuuliza.

"Ni kama wa Ngasa, Bibi."

"Na wa Ngasa una nini?"

Kasanda akapangusa tena palepale penye tundu.

"Ulimuuliza?"

"Hapana, Bibi. Hakuna aliyemuuliza."

Bibi Nyamizi alifumba macho kidogo. Kijiji kizima kimelowa, mtoto anakufa njaa, na hakuna aliyeuliza. Akamshika Kasanda mkono, akamburura na mtungi wake hadi kwa Ngasa, na watu wakafuata. Mlekwa naye akaitwa.

Ngasa hakutaka kusema. Aliangalia chini, mtu mzima yule. Bibi Nyamizi akamwambia ataketi mlangoni pake mpaka aseme. Ndipo akautoa ule mtungi, akaweka kidole gumba kwenye mdomo, pale palipopinda.

"Hiki ni kidole cha mama yangu," akasema. "Ndio mtungi wa mwisho aliofinyanga. Mikono ilikuwa inatetemeka. Mwaka wa njaa aliubadilisha kwa uji, nikanywa mimi, yeye hakunywa. Akafa, wala sikumzika mimi, nilikuwa mtoto. Sina kitu chake kingine."

Bibi Nyamizi akamwelekezea Kasanda kidole.

"Na huu wa Kasanda, ungeununua?"

"Wa nini, Bibi? Simjui aliyeufinyanga."

Bibi Nyamizi akauchukua mtungi wa Kasanda, akakwangua kando ya tundu kwa ukucha. Chini ya moshi udongo ulikuwa mwekundu, mpya kabisa. Akamtazama Mlekwa. Mlekwa akajitetea kwamba hakumwita mtu, wao wenyewe walitaka mitungi yenye tundu. Lakini alikiri kwamba tundu alilitoboa yeye, na akamrudisha ng'ombe siku ileile.

Ng'ombe alirudi amekauka, maana kwa Mlekwa hakukamuliwa. Ikabidi Ngasa ampelekee Nshoma kibuyu cha maziwa kila asubuhi, mpaka ng'ombe alipozaa tena. Mtoto akapona.

Wale wengine nao wakamzunguka Bibi Nyamizi, wakidai mbuzi na mtama wao. Akawauliza kama mitungi yao waliinunua usiku, au mchana wakiona matundu. Wakaona haya. Nikadhani yameisha. Mnajua nini kilifuata? Mtu mmoja akajipenyeza hadi kwa Ngasa, akamnong'oneza kwamba kwa huo wa mama yake anaweza kumpa ng'ombe wawili.

Bibi Nyamizi alimsikia. Alijifunga kanga vizuri, akaenda zake nyumbani bila kumuaga mtu.

Basi, kitu kibovu kinaweza kuwa ghali kwa haki, kwa yule anayejua kimetoka mikononi mwa nani. Wewe usiyejua, uliza kwanza, kabla hujatoa ng'ombe wa mtoto. Hadithi yangu naishusha hapa, nami kichwa kinaniuma.